Picha ya mzazi itazame pia pembeni

Ukipata picha ya zamani ya baba au mama, usiishie kutazama uso wake, kwani mara nyingi kinachoufufua utoto ni vitu vya pembeni: kanga aliyojitanda, baiskeli iliyoegemezwa kwenye mkorosho, au karai la kuchomea korosho ambalo moshi wake ulikuwasha macho ukiwa mdogo. Keti na shangazi au mjomba, umwache aitazame kwanza bila kumhoji, kisha uandike anayoyasema kwa maneno yake mwenyewe, hata yale yanayoonekana madogo. Mandhari nayo husaidia kukadiria mwaka. Msafiri wa Lindi au Mtwara aliyepigwa picha akisubiri kivuko cha Rufiji pale Ndundu, kwa vyovyote alikuwa safarini kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003. Maelezo yaandikwe nyuma ya picha, ukingoni, kwa penseli laini, kwa sababu wino huweza kupenya na kutia doa. Picha yenyewe, ambayo kwa wengi wetu ndiyo nakala pekee iliyobaki, isigusane na kioo cha fremu, hasa katika nyumba za pwani kama za Mikindani, ambako unyevu huigandisha.