Mplamu wa nyuma ya jiko

Mplamu hautaki joto. Huku kwetu Lushoto, baridi ya Juni na Julai ndiyo inayoupumzisha mti. Tafuta mche uliobebeshwa, yaani kitawi cha aina nzuri kilichounganishwa kwenye shina la mche mwingine, usipande kokwa. Mimi nilianza na kokwa, nikangoja miaka nikaambulia vitunda vichachu. Aina ya Methley hujichavusha yenyewe, kwa hiyo mti mmoja unatosha.

Chimba shimo la sentimita 60 kila upande, changanya udongo wa juu na debe la samadi iliyooza vizuri, upande masika yakianza. Kile kifundo cha maungio kibaki juu ya udongo, kimo cha kiganja.

Kazi yenyewe ni kupogoa. Majani yakishapukutika, simama chini ya mti utazame juu: katikati pawe wazi kama bakuli, jua liingie. Vijitawi vifupi vyenye macho yaliyosongamana usiviguse kabisa, ndivyo vinavyozaa.

Matunda yakifikia ukubwa wa gololi, yapunguze, uache nafasi ya vidole vinne kati ya moja na jingine. Inauma kuyatupa, najua. Mwaka nilioyaacha yote, tawi zima lilipasuka Desemba, plamu zikiwa bado mbichi.