Kampuni imenunuliwa, sasa zile IP za zamani zinahamaje?

Kama kampuni au chuo chenu kina bloku la IP (fungu la namba zinazotambulisha mitambo kwenye intaneti) lililotolewa miaka ya 80 au 90, kabla ya mfumo wa sasa wa rejista za kanda, yaani mashirika yanayogawa hizo namba (ya Afrika ni AFRINIC, iliyotambuliwa rasmi mwaka 2005), basi hizo ndo zinaitwa anwani za legasi, na umiliki ukibadilika msidhani zitahama zenyewe eti kwa sababu mikataba imeshasainiwa kwa wakili. Enzi zile ulikuwa unaomba, unapewa, hamna mkataba wala ada ya kila mwaka. Ndo maana rekodi nyingi mpaka leo zina jina la kampuni iliyokufa, namba ya faksi na imeili ya mtu aliyestaafu kitambo.

Anza na Whois, ile orodha ya wazi ya rejista inayoonyesha nani ana bloku gani. Tafuta bloku lenu, andika pembeni jina la mwenye mali lilivyo hasa, imeili za wahusika na ile mnt-by (jina la akaunti inayoruhusiwa kubadili rekodi), halafu uliza ndani nani ana paswedi yake.

Hapo kwenye imeili naomba mkae sana. Ukinunua kampuni, domeni yake ya zamani (jina la tovuti na imeili zake) usiiache iishe muda hata kama jina umelifuta sokoni, manake wezi wa IP wanasubiri hicho tu, domeni ikiachwa wanaisajili wao, wanapokea imeili za mhusika aliyeandikwa kwenye rekodi, wanajitambulisha kuwa ndo wenye bloku. Na thamani ipo kweli. Mwaka 2011 Nortel ikiwa imefilisika iliiuzia Microsoft anwani 666,624 kwa dola milioni 7.5, yaani dola 11.25 kila moja, na nyingi zilikuwa za legasi. Huku kwetu Afrika, ripoti ya AFRINIC ya Januari 2021 ilionyesha zaidi ya anwani milioni 1.7 za legasi rekodi zake zilichezewa. Inauma sana, kwa sababu hizi anwani bara letu lina chache.

Kisha makaratasi. Rejista inataka kuona mnyororo usiokatika kutoka jina lililo kwenye Whois mpaka jina lenu la leo. Kama A ilibadili jina ikawa B, B ikaungana na C, nyie mkainunua C, basi lete ushahidi wa kila hatua: cheti cha kubadili jina kutoka kwa msajili wa makampuni (Tanzania ni BRELA, Kenya ni BRS), hati za muungano, mkataba wa mauzo. Na mkataba ukiwa bado unaandikwa, mwambie wakili aandike bloku lenyewe kwa namba zake kwenye orodha ya mali, "mali zote za kampuni" peke yake inaleta ubishi baadaye.

Halafu jua mnapita njia gani, kununua kampuni nzima ni tofauti na kununua anwani peke yake. Ukinunua anwani tu, kwa sera ya AFRINIC mpokeaji lazima aonyeshe anazihitaji kweli, na zikishahamishwa hivyo hazihesabiwi tena kuwa legasi, zinafuata sera kama nyingine zote. ARIN, rejista ya Marekani, nayo inadai mpokeaji asaini mkataba. RIPE NCC, rejista ya Ulaya, ndo tofauti, kule bloku linaweza kubaki legasi hata baada ya kubadili mikono. Kwa hiyo piga hesabu ya ada kabla ya kukubaliana bei.

Mi naona kusaini mkataba na rejista si hasara, unapata mtu wa kumdai huduma, na bila mkataba kwa kawaida hupati RPKI (cheti cha kidijitali kinachothibitisha mtandao gani unaruhusiwa kutangaza anwani zenu), wakati siku hizi mitandao mingi inaangalia hiyo kabla ya kukubali njia zako.

Rekodi ikishabadilishwa, siku hiyohiyo badili paswedi ya mnt-by, weka imeili ya idara badala ya ya mtu mmoja, rekebisha DNS ya kinyume (inayogeuza namba ya IP kuwa jina), na futa objekti za route za kampuni ya zamani, yaani rekodi zinazosema mtandao gani unatangaza bloku.