Kutotolesha atemia Mbeya msimu wa baridi

Juzi nilikuwa Uyole kwa mfugaji wa kambale aliyetaka kutupa kopo zima la mayai ya atemia, chakula cha vifaranga wake, kwa kuwa hayatotoki. Msitupe. Mayai ya uduvi huyu wa maziwa ya chumvi, mengi yakiwa yamevunwa Great Salt Lake kule Marekani, hukaa makavu kwa miaka bila kufa. Hapa kwetu tatizo huwa ni baridi.

1. Kata kitako cha chupa angavu ya maji, igeuze mdomo chini. Ndoo siipendi kabisa: mayai hutuama pembeni yakakosa hewa.

2. Kila lita ya maji, chumvi gramu 25 na mayai yasiyozidi gramu 2. Pima kwa mizani.

3. Shusha mpira wa pampu ya hewa hadi chini kabisa, bila jiwe la hewa, yaani kile kijiwe chenye vitundu kinachotoa mapovu madogo. Mapovu madogo hutoa povu linalobandika mayai ukutani.

4. Joto. Atemia anataka nyuzi 26 hadi 28. Akizipata hutotoka ndani ya saa 24 hivi. Usiku wa Juni na Julai maji ya chumbani hayafiki hata karibu. Usitumbukize hita chupani, maji ni machache na yatachemka ghafla. Simamisha chupa ndani ya beseni kubwa la maji, hita ikae kwenye beseni, kisha zungushia blanketi kuukuu. Umeme ukikatika, beseni hupoa taratibu. Ongeza maji ya moto humo kidogo kidogo, kamwe si chupani. Kipimajoto kiwe ndani ya chupa, kwa sababu pampu huvuta hewa baridi ya chumba na kuisukuma humo, hivyo chupa huwa baridi kuliko beseni. Soma alfajiri, kipimo cha saa nane mchana hakikuambii kitu. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa ni marufuku, moshi wake usioonekana unaua watu.

5. Taa iwake karibu tangu mwanzo. Mayai yakishalowa huhitaji mwanga.

6. Zima pampu, mulika upande wa chini, subiri dakika 10. Maganda yataelea, na watoto wa rangi ya chungwa watafuata mwanga. Wanyonye kwa mpira mwembamba, chuja kwa kitambaa laini, suuza chumvi.

Lisha siku hiyohiyo, kidogo kidogo: kwenye maji ya bwawa yasiyo na chumvi wanaishi saa chache tu, wakifa wanachafua maji. Tazama matumbo ya vifaranga wa kambale. Yakigeuka ya chungwa wameshiba, usiongeze.