Kukagua kiti cha kifalme cha Ufaransa: muhuri usome mwisho

Mwuzaji wa kiti cha karne ya 18 hukimbilia kukuonyesha muhuri wa fundi na alama ya kasri. Usianzie hapo. Muhuri ni kipande cha chuma na nyundo tu. Kasri ya Versailles yenyewe, makao ya zamani ya wafalme wa Ufaransa, iliuziwa viti bandia, na hilo likafichuka mwaka 2016.

Tandika blanketi, pindua kiti, omba kitambaa cha chini kifunguliwe. Akikataa, usinunue. Laza tochi ubavuni mwa fremu ili kila mkwaruzo utoe kivuli. Msumeno wa mkono huacha mistari iliyonyooka, isiyolingana. Ukiona nusu duara zinazojirudia, ubao huo umepita kwenye msumeno wa mashine.

Sasa tazama matundu ya misumari. Fremu iliyobadilishwa vitambaa kwa vizazi hutoboka kama chekecheo. Upande mmoja ukiwa na matundu machache mno, huenda ubao huo umebadilishwa. Na muhuri ukiwa hapo hapo, shaka iongezeke.

Dumuzi ndiye shahidi bora. Hula ndani kwa ndani, kisha hutokea nje kwa tundu la duara la milimita 1.5 hadi 2. Ukikuta mfereji wake umelala wazi usoni mwa mbao, mbao hiyo ilichongwa baada ya kuliwa. Inaweza kuwa ukarabati, lakini mifereji ikienea fremu nzima, kiti kimeundwa upya kwa mbao kuukuu. Hila hii huwanasa hata wazoefu, maana umri wa mbao ni wa kweli.

Ndipo usome muhuri. Paris, chama cha mafundi kiliwataka wanachama wagonge majina yao kwa kanuni za 1743, zilizoanza kushika 1751. Chama kikafutwa 1791. Fundi wa viti Georges Jacob aliandika G.IACOB, kwa I badala ya J. Kukosekana kwa muhuri si kasoro, kwani waliomtumikia Mfalme hawakubanwa na sharti hilo. Chukua kioo cha kukuzia: herufi ikibomokea ndani ya tundu la zamani la msumari, iligongwa baada ya msumari kung'olewa.

Alama za kasri zilichomwa kwa chuma cha moto. W yenye taji ni Versailles. CT ndani ya duara lenye maneno Garde-Meuble de la Reine (hazina ya samani za Malkia) ni Trianon, kasri ndogo ya Malkia Marie-Antoinette huko Versailles. Pakiwa na namba ya wino, ilinganishe na daftari za hazina ya samani za kifalme zilizoko Archives nationales (hifadhi ya nyaraka ya taifa la Ufaransa), fungu O1. Vipimo vya daftari hizo ni vya zamani: pied (futi) 1 ni sentimita 32.5, pouce (inchi) 1 ni sentimita 2.7. Kimo cha kiti kikipungua pouce moja au mbili kuliko kilichoandikwa, chunguza ncha za miguu kabla ya kukikataa kiti. Mara nyingi zilioza zikakatwa.