Namna ya Kufuatilia Asidi katika Maji ya Ziwa kwa Miaka Mingi

Mtu akitumbukiza mita ya pH (kipimo cha asidi ambacho namba yake hushuka asidi inapoongezeka) katika Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria, nchini Kenya, mara moja tu na kusoma 7.8, bado hajajua kama ziwa linaelekea kwenye asidi au la. Asidi huliingia ziwa polepole, na kwa miaka mingi pH huweza kubaki karibu palepale kwa sababu bikaboneti zilizoyeyuka majini huimeza asidi inayoletwa na mvua na mito. Bikaboneti hizo zikikaribia kwisha ndipo pH huporomoka, na wakati huo samaki wameshaanza kuathirika. Kwa hiyo wanachama wa BMU (vikundi vya wavuvi vya kusimamia fukwe), wafugaji wa samaki wa vizimba na walimu wa vilabu vya mazingira wanaotaka kulilinda ziwa lao wapime kwanza akiba ya alkali, yaani bikaboneti hizo, kisha waandike pH kando yake.

Yaliyotokea Sweden, Norway na mashariki ya Canada katika karne ya 20 yanatosha kuonyesha uzito wa jambo hili. Moshi wa makaa ya mawe na viwanda ulipanda angani ukiwa na salfa na naitrojeni, ukarudi ukiwa mvua ya asidi, na maziwa yaliyokaa juu ya miamba isiyo na chokaa yakapoteza samaki. Asidi huyeyusha alumini iliyomo ardhini, nayo alumini hiyo huharibu matamvua ya samaki. Kuanzia mwaka 1976 wanasayansi wa Canada walilitia asidi kwa makusudi ziwa dogo la Ontario liitwalo Lake 223, wakaona viumbe wadogo wanaoliwa na samaki wakitoweka kabla samaki wakubwa hawajafa, hata samaki hao wakakonda. Maziwa mengi yaliyopata asidi yaling'aa yakawa maangavu kuliko zamani, kwa hiyo uangavu wa maji usichukuliwe kamwe kuwa dalili ya usafi.

Chagua mahali pamoja panapofikika kwa mashua mwaka mzima, mbali na mlango wa mto na mbali na mfereji wa majitaka, uparudie papo hapo kila mwezi. Saa ya kupima ni muhimu kuliko watu wengi wanavyodhani. Mchana, mwani unaofanya maji ya Winam kuwa ya kijani hufyonza kaboni dayoksaidi, na pH hupanda. Usiku viumbe wote hupumua, gesi hiyo hurudi majini, na pH hushuka. Palipo na mwani mwingi tofauti ya alfajiri na alasiri inaweza kuzidi kipimo kizima cha pH, na kwa kuwa kila kipimo kimoja ni mara kumi ya asidi, anayepima leo saa moja asubuhi na mwezi ujao saa tisa alasiri atakuwa amepima mwendo wa jua, wala si mwendo wa ziwa. Ninapendekeza saa moja asubuhi, kabla upepo haujayavuruga maji. Wafugaji wa vizimba wapime pia alasiri, kwa sababu pH ikifika 9 sehemu kubwa zaidi ya amonia iliyomo majini hugeuka kuwa ile inayoua samaki.

Mita isawazishwe siku hiyohiyo kwa myeyusho wa pH 7 na mwingine wa pH 4 au 10, kutegemea upande ambao maji yako yapo. Kwa Ziwa Nakuru, ambalo ni la magadi na ambalo pH yake ilizoeleka kuzidi 10, myeyusho wa 10 ni wa lazima. Ncha ya mita isiachwe ikauke, wala isihifadhiwe katika maji yaliyotoneshwa. Pima palepale ziwani, kwa maana maji yakikaa kwenye chupa hupoteza au hupata gesi na pH hubadilika.

Kwa alkali, tumia kisanduku cha kupimia kwa matone. Suuza chupa mara tatu kwa maji ya ziwa lenyewe, ijaze hadi alama, tia kitambulishi cha rangi na maji yatakuwa ya kijani. Kisha dondosha asidi tone moja moja huku ukitikisa, ukihesabu kwa sauti. Rangi itafifia, halafu kwa tone moja itageuka kuwa ya waridi. Hapo simama, zidisha idadi ya matone kwa namba iliyoandikwa kwenye kisanduku. Rudia, na majibu yakitofautiana kwa zaidi ya tone moja, pima mara ya tatu.

Daftari liwe na tarehe, saa, joto la maji, mvua ya juma lililopita na kina cha maji. Kina kisisahaulike. Tangu karibu mwaka 2010 maji ya Ziwa Nakuru yamepanda sana, magadi yakazimuliwa, na flamingo wengi wakahamia kwingine. Anayeona alkali ikishuka huko bila kuandika kina atailaumu asidi kwa kazi iliyofanywa na maji mengi. Ziwa Victoria nalo hupata sehemu kubwa ya maji yake kwa mvua inayolinyeshea moja kwa moja, na mvua safi yenyewe ina pH ya takribani 5.6.

Linganisha Aprili na Aprili nyingine, usilinganishe masika na kiangazi. Alkali ikishuka mwaka baada ya mwaka hali kina hakijabadilika, chukua sampuli kwenye mito inayoingia, kama vile Nyando, ukipanda kutoka mlangoni kuelekea juu hadi upate mahali ambapo namba zinabadilika, kisha upeleke daftari zima, pamoja na siku zisizo na mashaka yoyote, kwa ofisi ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji iliyo karibu nawe.