Mambo ya kuzingatia kabla hujaamini sifa za nchi za watu

Wengi wanaoenda kuishi nje hujiandaa kwa tabia za watu. Wameshaambiwa Wajerumani wakali na saa, Wamarekani wachangamfu, Wajapani wachapakazi, Waarabu wana hela. Wakifika, kinachowaangusha hakihusiani na tabia ya mtu yeyote: ni barua, mkataba, bima, tarehe. Nimeona wasomi na wasio wasomi wakianguka hapo hapo, kwa hiyo soma haya kabla hujakata tiketi. Kama umeshakata, soma haraka.

Pasipoti: angalia inaisha lini. Viza: angalia kama inaruhusu kazi au hairuhusu. Vyeti vitafsiriwe na kuthibitishwa mapema. Hayo kila mtu anakwambia, sirefushi.

Sifa ya uchapakazi iache nyumbani. Mgogoro wa madeni wa Ulaya ulipoanza 2010, Wagiriki waliitwa wavivu na Wajerumani wakawa mfano wa bidii. Ukifungua takwimu za OECD, shirika la nchi ambazo nyingi ni tajiri, unakuta Mgiriki anatumia saa nyingi zaidi kazini kwa mwaka kuliko Mjerumani. Ujerumani iko mkiani mwa orodha, kama saa 1,340 hivi, na Meksiko, ambayo kwenye vibonzo raia wake amelala chini ya kofia pana, iko karibu na kileleni kwa zaidi ya saa 2,100. Sababu mojawapo ni kwamba Wajerumani wengi, hasa wanawake, wana ajira zisizo za muda wote. Hilo linakuhusu wewe moja kwa moja: ukipewa kazi kule, uliza ni saa ngapi kwa wiki. Mshahara uliotajiwa unaweza kuwa wa saa 39, na mkataba uliowekewa mbele ukawa wa 20. Kisha uliza makato. Kodi, pensheni, bima ya afya, bima ya kukosa kazi, vyote vinatoka kabla hujagusa senti.

Usimwamini sana hata mwenyeji anapojieleza. Mwaka 2005 jarida la Science lilichapisha utafiti uliofanywa kwenye tamaduni 49. Watu waliulizwa mwenzao wa kawaida yukoje, kisha majibu yakalinganishwa na vipimo vya haiba za watu wa huko huko. Havikuoana. Yaani hata sisi wenyewe tukisema "sisi ndivyo tulivyo," mara nyingi tunarudia tulichosikia.

Ukisikia nchi fulani ndiyo yenye furaha kuliko zote, uliza furaha hiyo imepimwaje. Finland imeongoza ripoti ya dunia ya furaha kila mwaka tangu 2018. Swali lenyewe linamtaka mtu afikirie ngazi yenye hatua kuanzia 0 hadi 10, aseme maisha yake yako kwenye hatua ipi. Hakuna anayeulizwa kama majirani wanamtembelea. Wala ripoti haitakwambia Desemba ya Helsinki, mji mkuu wao, inakuwaje: katikati ya mwezi mwanga wa mchana haudumu hata kwa muda wa saa sita. Tafuta mtu aliyemaliza majira ya baridi kule, aliyetembelea Julai hana la kukusaidia.

Usidhani pia kwamba kinachosifiwa kinafanya kazi kila siku. Mwaka 2024 treni za masafa marefu za Ujerumani zilizofika kwa wakati zilikuwa asilimia 62.5 tu, na hapo ya kuchelewa dakika tano bado imehesabiwa kuwa imewahi. Kama una ndege ya kupanda au usaili wa kazi, panda treni ya mapema zaidi. Japani, nchi ya roboti, imeachana na kanuni za serikali zilizodai nyaraka kwenye diski za flopi, zile za kompyuta za zamani, mwaka huo huo wa 2024.

Sasa hili la sanduku la barua. Hapa naomba utulie.

Kuna dada mmoja namfahamu alienda Ujerumani kusomea uuguzi. Alijiandaa kuliko wengi. Lugha alikuwa nayo, kafundishwa kufika kabla ya saa, kutovuka taa nyekundu hata barabara ikiwa tupu, kutopiga kelele siku ya Jumapili. Akapata chumba kwenye ghorofa, kwa mtu ambaye naye ni mpangaji. Akajiandikisha anwani yake manispaa, kama sheria inavyotaka, ndani ya wiki mbili tangu ahamie. Sanduku la barua pale chini lilikuwa na jina la yule mpangaji mkuu, na dada huyu hakuona haja ya kubandika la kwake.

Majengo mengi kule vyumba havina namba. Anwani ni mtaa na namba ya jengo, basi. Mtu wa posta anasimama mbele ya safu ya masanduku, anasoma majina ya ukoo, na asipoliona lililo kwenye bahasha, barua inarudi ilikotoka. Hapandi ngazi kuulizia.

Ya kwanza kurudi ilikuwa ya namba ya kodi. Mwajiri asipopata namba hiyo anaweza kulazimika kukata kodi kwa daraja la sita, ambalo ndilo kali kuliko yote, na mshahara ukaingia umenyofolewa. Ikafuata ya bima ya afya, walitaka picha yake ya kuweka kwenye kadi. Iliyomliza ni ya ofisi ya wageni: alikuwa amepangiwa siku ya kwenda kuongezewa kibali cha kuishi. Siku ikapita yuko wodini anabadilisha mashuka. Kwenye faili ikaandikwa hakufika.

Muda wote huo alikuwa ametulia kabisa. Nilipomuuliza mbona hakufuatilia, alinijibu kwamba Wajerumani hawacheleweshi mambo, kwa hiyo alivyoona kimya alijua kila kitu kiko sawa. Sifa ya nchi ndiyo iliyomlaza. Angeenda mahali palipo na jina baya la urasimu, angekuwa mlangoni mwa ofisi kila wiki.

Mambo yalinyooka mwishowe, kwa karatasi ya muda, kwa kupanga foleni alfajiri na kuomba radhi kwa kosa asilolielewa. Kodi iliyozidi alirudishiwa baadaye. Dawa ilikuwa kikaratasi chenye jina na gundi. Kwa hiyo siku ya kwanza, kabla hujafungua begi, bandika jina lako kwenye sanduku la barua na kwenye kengele ya mlango, liwe jina la kwenye pasipoti, si la utani. Mwenye nyumba akikwambia "kaa tu ila usijiandikishe hapa," ondoka, tafuta kwingine. Na uliza kama nyumba ina jiko: nyingi hupangishwa tupu, bila hata sinki, na wageni huligundua hilo jioni wakiwa na njaa.

Marekani nako, tabasamu la bosi si mkataba. Katika majimbo karibu yote mwajiri anaweza kukuachisha kazi bila kutoa sababu, akitabasamu vile vile. Aliyeko huko kwa viza ya H-1B, ile ya wataalamu wanaoletwa na mwajiri, akiachishwa ana siku 60 zisizozidi kupata mwajiri mwingine, kubadili hadhi yake au kuondoka. Bima ya afya nayo kwa wengi inatoka kwa mwajiri, kwa hiyo kazi ikienda, nayo inaanza kwenda. Jua hayo kabla hujakopa gari.

Ghuba usiende kwa kusikia kwamba kuna hela, wala usiikwepe kwa kusikia kwamba wote wakatili. Uliza kibali chako kimefungwa kwa nani, na ukitaka kubadili mwajiri utafanyaje. Qatar na Falme za Kiarabu zimemkataza mwajiri kushika pasipoti ya mfanyakazi, lakini bado zinashikwa, na anayeitoa kwa hiari "ihifadhiwe" huihangaikia sana baadaye.

Unapomuuliza aliyetangulia, usimuulize watu wa kule wakoje. Atakupa hadithi, na kama yuko likizo atakupa na picha. Muulize barua ya kwanza aliyopokea ilikuwa ya nini, bima yake ilianza tarehe gani, mkononi kinabaki kiasi gani. Akikwepa hilo la mwisho, muulize mwingine.

Nauli ya kurudi iwe kwenye akaunti yenye jina lako. Nakala za pasipoti na mkataba mwachie mtu nyumbani anayepokea simu usiku. Na karatasi usiyoielewa usiisaini kwa sababu ya foleni nyuma yako. Omba nakala, nenda nayo, rudi kesho.