Shuka kwa mkono mmoja, panda kwa miwili

Kama zoezi la kuegemea ukingo na kunyoosha kiwiko kwa mkono mmoja, la msuli wa nyuma ya mkono, linakushinda kupanda, yaani kujisukuma juu, acha kwanza kupambana na kupanda. Shika ukingo wa meza nzito iliyobanwa ukutani, kwa mikono miwili, rudisha miguu nyuma na uitanue kupita upana wa mabega, mwili unyooke kama ubao. Ondoa mkono mmoja, ukunje ngumi na kuikaza kwelikweli, kisha kunja kiwiko cha mkono uliobaki taratibu, ukihesabu mpaka 5, hadi paji la uso likaribie kiganja. Rudisha mkono wa pili, sukuma kwa yote miwili. Mara 3 hadi 5 kila upande zinatosha. Mimi ya sita huwa naiharibu.

Siri ni kwamba msuli unaorefuka huku umebeba mzigo huhimili uzito mkubwa kuliko unapojifupisha, kwa hiyo unazoea uzito ambao bado huwezi kuusukuma. Kiwiko kielekee sakafuni muda wote. Kikichepuka kwenda pembeni, kifua na bega ndivyo vinavyofanya kazi, na umejidanganya.

Haifai pale unapodondoka ghafla robo ya mwisho, au kiuno kinapojipinda: hapo ukingo uko chini mno, tafuta wa juu zaidi, hata ukuta. Na kiwiko kikichoma, si uchovu wa kawaida wa msuli, acha siku kadhaa. Kano huimarika polepole kuliko nyama.